Mguu Uliotaka Kurudi Moshi

Tangu nirudi, kila mtu kambini ananiuliza kitu kimoja, kwa nini Moshi tulikwenda mara mbili, na kila nikianza kujibu mtu anaitwa kushusha magunia na habari inakatikia njiani. Basi nimekaa nimeiandika yote. Mlio kambi ya juu mkimaliza wapeni walio kambi ya chini. Shule niliiachia darasa la tano, si kwa sababu ya kushindwa, bali barabara ilipita karibu mno na dirisha. Kwa hiyo msitafute mapambo. Habari za vyeti na foleni nimeziruka, maana hakuna aliyeniuliza.

Gidamis mnamfahamu, lakini wengine mmekuja msimu huu, kwa hiyo naanzia mbali kidogo. Ni Mbarabaig, boma lake liko upande wa magharibi wa shamba letu la ngano. Mwaka jana nyoka alimuuma mguu wa kulia akiwa anachunga. Mpaka anafikishwa hospitali ya misheni, mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi, wakaukata chini ya goti. Akapona, akarudi na magongo mawili.

Magongo yanatosha kwa mtu wa dukani. Kwa mtu wa ng'ombe hayatoshi. Zamani ng'ombe wake walikwenda kwenye chumvi, kule chini kwenye ziwa la magadi, kwa njia iliyonyooka. Sasa hapo imesimama ngano, na ng'ombe akiingia kwenye ngano ni kesi. Inabidi kuzunguka shamba lote, kutwa nzima, kwenye mawe na udongo uliolimwa, na mikono yote miwili iwe huru kwa fimbo. Wanawe bado wadogo. Mdogo wake anayekaa Gehandu alikuja akamwambia kwa heshima zote, "Kaka, ng'ombe wanalamba kuta. Mvua zikikatika nitakuja niwachukue, wakae kwangu."

Hakusema vibaya. Ila Gidamis aliniambia siku ile, tukiwa tumekaa kwenye trela bovu, "Wakikaa kule mwaka mmoja watajua sauti yake, siyo yangu. Na wanangu watakwenda kuomba maziwa kwa baba yao mdogo."

Hilo ndilo tulilokuwa tunakimbizana nalo safari nzima. Mvua zilikuwa zimebaki kidogo.

Kambini mpaka Bashay

Ujumbe ulikuja kwa mdomo. Sista aliyemuuguza alimwambia dereva wa lori, na dereva akatuambia sisi: "Moshi wamekubali kumtengenezea mguu. Aende. Aje na viatu vyake." Basi.

Viatu vyake! Gidamis alinyanyua mguu wake mmoja wenye katambuga ya tairi, akauliza, "Hii?" Tukacheka wote. Ninyi wenyewe mnajua mambo yalivyo. Makondakta wengine hawapakii mtu mwenye lubega mpaka avae suruali. Ukiingia ofisini, karani anaanza kukutazama miguu kabla ya uso. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba hospitali kubwa inataka mtu afike akiwa nadhifu. Suruali ikapatikana kwa mtunza stoo. Viatu vikawa shida, mpaka Mkude, dereva wa kombaini, akaenda kuvuta boksi lake chini ya kitanda.

Mkude, najua unasoma hapa, kwa hiyo sitasema uongo. Zilikuwa raizoni, zile za kisigino kirefu, rangi ya damu ya mzee, alizotoka nazo Morogoro na kuziweka kwa ajili ya harusi yake. Huenda mjini watu wameshaziacha, lakini huku kwetu bado zinapita mbele ya mtu kabla yeye hajafika.

"Shikamoo mzee," Mkude akamwambia. "Vaa hizi. Mtu haendi kuchukua mguu mpya akiwa na tairi."

"Marahaba. Na nikianguka toka huko juu utanidaka?"

"Wewe kanyaga tu. Usinizidi urefu siku ya harusi."

Mke wa Gidamis alipofunga mfuko wake, niliona anaweka chini kabisa katambuga zote mbili, ya kushoto iliyolika mpaka nyuzi zinaonekana, na ya kulia ambayo haijakanyagwa tangu siku ya nyoka. Nikamuuliza ya kulia anaipeleka wapi. Akanijibu, "Kiatu hakikuumwa."

Tuliondoka na lori la magunia matupu. Gidamis alikaa mbele na dereva kwa ajili ya magongo, mimi juu ya magunia. Miezi hii diseli inatafutwa kama dawa, na yetu iliisha tukiwa tumeshapanda milimani, karibu na Bashay. Dereva akachukua dumu, akasema anarudi sasa hivi. Alirudi kesho yake.

Kwa bahati Bashay ndiyo kwetu. Nikampeleka Gidamis nyumbani kwa mama. Tangu mavuno ya mwaka juzi nilikuwa sijamwona. Nilipomwamkia, aliitikia, akatazama nyuma yangu, akasema kwa Kiiraqw, "Umeniletea Mang'ati nyumbani?" Ndivyo kwetu wanavyoitwa Wabarabaig na wanaohofia ng'ombe wao kuibwa.

Hakujua kwamba Gidamis anasikia Kiiraqw. "Mang'ati ana mguu mmoja leo, mama Tluway," akamjibu kwa lugha ileile, akimwita kwa jina langu. "Ng'ombe wako walale bila wasiwasi."

Mama alicheka mpaka akatafuta kigoda. Baada ya hapo mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Walizungumza habari za majani, za homa ya ndigana, za ng'ombe mwekundu aliyekataa ndama wake. Alitupikia makande, akamletea Gidamis maziwa ya mgando kwenye kibuyu cha baba, ambacho mimi sijawahi kupewa. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na baridi ya kukata masikio. Mama akamvalisha sweta la marehemu baba, akanigeukia mimi.

"Na wewe utakaa lini?"

"Nikirudi, mama."

"Hujajibu," akasema, akaenda kukamua.

Mbulu

Mbulu tulifika na vidole vimekufa ganzi. Sista alitupokea kwa furaha pale hospitali ya misheni, akatupa barua ya kupeleka Moshi. Alimtazama Gidamis toka sweta mpaka kiatu, akabaki hapo kwenye kiatu muda kidogo. "Mungu wangu, mzee, umependeza," akasema, kisha akaitwa wodini. Sasa nikifikiri, safari ya pili ingefia hapo kama wodini wangengoja kidogo.

Stendi kulikuwa na basi moja na watu wa mabasi matatu. Konda alikuwa anafukuza watu mlangoni, lakini alipoona raizoni aliinua mkono. "Mzee wa mjini huyo! Mpisheni, apite mbele." Gidamis akapewa kiti cha dirishani. Akaniinamia sikioni.

"Umeona? Sista alijua. Bila viatu hivi tungekuwa bado tumesimama."

Nami nikakubali kabisa.

Mto wa Mbu mpaka Makuyuni

Basi liliteremka ukuta wa bonde vizuri, likapata pancha Mto wa Mbu. Tairi la akiba nalo lilikuwa na pancha. Tukashuka. Hapo nilikula ndizi zile nyekundu mpaka tumbo likakataa. Kando yetu alikaa mfanyabiashara mmoja wa vitunguu, mtu mkarimu sana, ambaye hakuweza kula peke yake. Alifungua gazeti lenye kambale wa kukaanga, akamsogezea Gidamis.

"Karibu samaki, mzee."

Watu wa Gidamis hawali samaki. Alimtazama yule kambale, ndevu zake na ngozi yake isiyo na magamba. "Huyu ni nyoka aliyeoga."

"Ni samaki, mzee wangu. Onja mkia tu."

"Kijana, ndugu yake alishakula mguu wangu. Nikimla huyu nitaanzisha vita, na mimi mguu wa kukimbia sina."

Yule mtu wa vitunguu alicheka mpaka akapaliwa na mwiba, ikabidi tumpige mgongoni. Aliporudi kwenye pumzi zake alinunua maziwa, akampa Gidamis, akaanza kuuliza habari za mguu. Na Gidamis, ambaye kambini hasemi mambo yake, alimweleza yote: nyoka, chumvi, ngano, mdogo wake. Makuyuni tukalala hapohapo kwenye basi. Arusha tuliipita asubuhi, na Moshi tukafika jua likiwa kali na mlima umejificha.

Moshi, chumba cha plasta

Karakana ya viungo iko nyuma ya hospitali. Nilitegemea harufu ya dawa, nikakuta harufu ya gundi, ngozi na maranda ya mbao, kama kwa seremala na fundi viatu waliofungua kazi pamoja. Ukutani miguu imening'inia ikingoja wenyewe. Gidamis aliiamkia.

Fundi wetu alikuwa mwanamke, Fundi Aikaeli, mtu mfupi, mwenye penseli kwenye nywele na plasta iliyokauka kwenye viwiko. "Shikamoo mzee, karibu. Na huyu?"

"Huyu ni Mmbulu wangu," Gidamis akasema. "Anajua kuuliza maswali. Mchoke naye."

Ni kweli niliuliza. Sehemu iliyobaki ya mguu wanaiita kigutu. Alikivalisha soksi nyembamba, akachora kwa penseli ya wino pale palipo na mfupa na pale panapouma, kisha akakizungushia bandeji iliyolowekwa plasta, akaikanda kwa viganja kama mtu anayefinyanga chungu. Ikikauka inavuliwa, na alama za penseli zinabaki ndani. Humo wanamimina plasta nyingine, wakiivunja ile ya nje wanapata kigutu cha jiwe, na juu yake ndipo wanapojengea kikombe cha kuingizia mguu. Muundi unachongwa kwa mti mwepesi. Unyayo ni mpira uliozungushiwa kipande cha mbao. Juu unafungwa kwa mkanda wa ngozi unaopita juu ya goti.

Kabla ya kuunga unyayo, fundi alikishika kiatu cha Mkude, akapima kisigino kwa rula.

"Unavaa viatu hivi, mzee?"

Gidamis akatazama mguu wake. Kiatu kilikuwa mguuni. "Ninavaa."

"Haya," akasema fundi, akaandika kwenye ukuta kwa chaki.

Siku za kungoja zilikuwa nyingi. Nililala kwenye kibanda cha wauguzaji, nikala mtori kila siku. Gidamis alipouonja alisema, "Huu ni uji uliokumbuka nyama," akaomba tena. Kisha wakamvalisha mguu, wakamsimamisha katikati ya vyuma viwili vya kushikilia. Upande wa pili wa vyuma kulikuwa na mama mmoja wa Upare aliyepooza miguu tangu utoto, anajifunza kutembea na vyuma vyake vipya. Alipoona raizoni alisimama.

"Mzee, huko juu mvua ipo?"

"Nikiona wingu nitakwambia, dada."

Hatua za kwanza Gidamis alitokwa jasho. Za kesho yake alizitembea akiongea. Akatembea uani, akapanda ngazi, akashuka. Siku alipotembea mpaka geti na kurudi bila fimbo, yule mama wa Upare alipiga vigelegele amesimama kwenye vyuma vyake mwenyewe, na wote wawili walikuwa wanalia na kutukanana kwa furaha. Magongo tuliyaacha kwa ajili ya mwingine. Fundi Aikaeli akatusindikiza mpaka barabarani.

Babati

Tulifika Babati kwenye mvua. Nilifurahi kuona mvua, maana ilimaanisha mdogo wake hajatoka Gehandu bado. Stendi ilikuwa tope la rangi ya chai, na lori la kwenda Katesh lilikuwa linapakia mbegu. Tulikuwa na nafasi juu ya mzigo, tumeshakubaliana na dereva.

Gidamis alitazama tope, akatazama raizoni. "Siwezi kumrudishia mtu viatu vya harusi vikiwa hivi." Akakaa kwenye baraza la duka, akavivua, akavifuta kwa pindo la shuka, akavifunga kwenye gazeti. Akatoa katambuga zake mfukoni. Ya kulia aliuvalisha unyayo wa mpira taratibu, akaibana kamba. Akasimama. Akapiga hatua mbili na kwenda chali, juu ya gunia la maharage la mama mmoja.

"Mzee, hilo ni gunia, siyo kiti!"

"Samahani, mama. Sikukaa. Nimekalishwa."

Akajaribu tena, na safari hii nilikuwa nimemshika. Niliona jinsi goti linavyosukumwa nyuma kila anapokanyaga, kama mtu anayepanda mlima ambao haupo. Watu wakakusanyika, kama mnavyowajua watu wa stendi.

"Unanirudisha nyuma," akasema. "Huu mguu unataka kurudi Moshi."

"Si umetengenezwa na Wachaga?" kijana wa mikokoteni akasema. "Mguu Mchaga huo, mzee! Haukubali kuvuka Babati!"

Wakaangua kicheko, na Gidamis akacheka nao. Ila aliporudi kukaa barazani aliniambia kwa lugha yake, pole pole, "Mdogo wangu akija, mwambie awachukue tu."

Sikutaka kusikia hilo. Nikamvalisha raizoni tena, nikamwomba atembee barazani, pasipo na tope. Akatembea kama bwana harusi. Nikamvalisha katambuga. Akarudi nyuma. Yule mama wa maharage, ambaye sasa alikuwa amesahau biashara, akasema, "Kisigino hicho. Hata mimi nikivua viatu vya kanisani naona nyumba imeinama." Akachana kipande cha boksi, akakikunja, nikakitia chini ya kisigino cha unyayo wa mpira, ndani ya katambuga. Gidamis akasimama. Akasimama wima! Akatembea mpaka mwisho wa baraza na kurudi. Alipokanyaga chini kwenye tope, boksi likawa uji.

Hapo ndipo nikakumbuka rula na chaki. Unavaa viatu hivi? Ninavaa. Kweli alikuwa anavivaa, saa ileile! Fundi aliuliza habari za kila siku, naye akajibu habari za sasa hivi, na Kiswahili kikawaruhusu wote wawili kuwa sahihi kwa neno moja. Na sista naye, aliposema aje na viatu vyake, alitaka hizihizi za tairi zilizofichwa chini ya mfuko. Mguu haukuwa na ubaya wowote. Ulijengwa vizuri sana, kwa ajili ya mtu anayetembea kwa raizoni.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mguu ni wa Mkude."

Dereva wa lori akapiga honi. Mbegu zilikuwa zimeshafunikwa turubai.

"Twende," nikasema. "Tutakata kipande cha tairi huko huko, tutabandika."

"Tutabandika, kitabanduka nikiwa katikati ya mawe, ng'ombe waingie kwenye ngano." Alitazama lori, akaangalia mvua ilivyokuwa inapungua. Nilijua anahesabu nini. "Nikipanda hili namkuta mdogo wangu hajafika. Lakini nafika na nini?"

Honi ya pili. Akampungia dereva mkono aende. Ninyi mnaonijua, mnajua mimi sijawahi kuumia kwa gari kuondoka bila mimi, maana lingine hupita. Siku ile niliumia.

Moshi tena

Fundi Aikaeli alipotuona getini aliweka mkono kifuani. "Umevunjika?"

"Haujavunjika, mama," Gidamis akasema. "Umenichoka."

Nikaeleza mimi. Nilipofika kwenye habari ya Mkude na harusi, alikaa chini sakafuni, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Kisha akafuta macho, akakaa mbele ya Gidamis kwenye kigoda kifupi.

"Nisamehe, mzee wangu. Sasa niambie. Huwa unavaa nini? Kila siku. Porini, nyumbani, mvuani."

Gidamis akaweka katambuga mbili juu ya meza, katikati ya maranda.

Alizichukua kama anavyochukua kila kitu, kwa kuzipima mikononi kwanza. "Ya kushoto imelika, ya kulia nzima. Nikipima hivi utakwenda kama meza yenye mguu mfupi." Akanituma sokoni, kwa wanaokata tairi, nikaleta ya kushoto mpya ya unene uleule. Ndipo akaupeleka mguu kwenye msumeno. Gidamis alipoona anaukata kifundoni alisimama.

"Tena?"

"Huu hauumi, mzee. Kaa."

Alitoa kabari nyembamba ya mti, akaunga, akabana kwa vyuma, akasema lazima gundi ikauke vizuri, asiharakishwe. Hizo ndizo siku zilizonitesa kuliko zote. Mvua ilikuwa imekatika kabisa. Kila asubuhi mlima ulikuwa wazi, na Gidamis alikuwa anautazama kama mtu anayetazama mkia wa basi. Alikula kidogo. Hata mtori aliuacha.

Alipovalishwa, fundi hakumpeleka kwenye vyuma wala uani. Alimpeleka nyuma ya karakana, kwenye mteremko wenye mawe na mizizi, na akamwambia avae katambuga zake na lubega lake. Gidamis akashuka. Akapanda. Akasimama pale juu na mikono yote miwili mitupu, akaitikisa kama aliyetua mzigo.

"Unakusukuma?"

"Hausukumi. Umenyamaza."

"Sisi tulisema 'viatu vyake' tukadhani tumeeleweka," fundi akaniambia wakati wa kuagana. "Nitakuwa nawaambia wafungue na mfuko."

Katesh, na njia ya kuzunguka

Babati tuliipita bila kushuka. Yule mama wa maharage alikuwepo, nikampigia kelele dirishani, naye akatazama miguu kwanza, akainua mikono yote miwili.

Katesh mlima Hanang ulikuwa mtupu, hauna wingu hata moja, na vumbi limeanza. Dukani kwa rafiki yake Gidamis tukapata habari: mdogo wake amepita, ametoka Gehandu na vijana wawili, amekwenda bomani kuwachukua ng'ombe. Hapo hatukunywa hata chai. Tulipata trekta letu la shamba lenye trela la pipa la maji, tukakaa ubavuni mwa pipa, tunalowa kila shimo.

Ngano ilikuwa imesimama kijani pande zote. Tulipofika kona ya mwisho ya shamba, Gidamis alinishika bega. Ng'ambo ya ngano kulikuwa na vumbi, na chini ya vumbi migongo. Walikuwa wameshatoka bomani. Kutoka pale njia zinagawanyika: moja inakwenda Gehandu, nyingine inazunguka shamba kushuka kwenye chumvi. Walikuwa wanaielekea ile ya Gehandu.

"Simamisha," akamwambia dereva.

"Mzee, ngoja nikuzungushe mpaka—"

"Simamisha."

Hakukatiza kwenye ngano, ingawa ndiyo njia fupi. Alifuata ukingo, kwenye udongo uliolimwa, mabonge makubwa kama vichwa. Mimi nyuma na mfuko na gazeti lenye viatu vya Mkude. Mara moja alijikwaa akaanguka kwa mikono. Nilipomfikia alikuwa ameshainuka, anapangusa miguu, wa mti na wa nyama. Mkanda wa ngozi ulikuwa unalia kila hatua, kwi, kwi, na ndama wa mbele walipousikia waliinua mikia wakarudi nyuma. Akapiga mluzi. Ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda, aliyekuwa anaongoza, akasimama. Walio nyuma yake wakagongana, wakasimama nao.

Mdogo wake akaja toka nyuma ya kundi kuona kuna nini. Akamwona kaka yake amesimama mbele ya ng'ombe bila magongo. Walisalimiana kwa utaratibu wote, bila haraka: watu, watoto, mvua, majani. Walipomaliza yote, yule mdogo akachuchumaa, akagonga muundi kwa kifundo cha kidole.

"Mti?"

"Mti."

"Unauma?"

"Hapa juu, kidogo."

"Umetoka nao wapi kwa miguu?"

Gidamis akaonyesha kona ya shamba. Mdogo wake akaitazama ile kona, kisha mawe, kisha ule udongo, na alama za miguu miwili zilizofuata ukingo wote bila kugusa ngano. Alikaa hivyo mpaka ng'ombe wakaanza kusogea wenyewe.

"Unataka kuwapeleka wapi?" akauliza.

"Kwenye chumvi. Wanalamba kuta, ulisema mwenyewe."

Yule mdogo akainuka. Akampa fimbo aliyokuwa nayo. "Basi kaa mbele. Mimi nitakaa nyuma, nikuone."

Wakageuza kundi. Si kazi ndogo kugeuza kundi, lakini ng'ombe mwekundu akifuata, wengine wote wanafuata. Nilikuwa nimesimama kando na mfuko, kazi yangu imekwisha, njia ya kambini iko kushoto kwangu, na miguu yangu yote miwili inaniuma. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyeponyoka ajali. Nilidhani Gidamis amenisahau. Alikuwa ameshafika mbali, anazunguka ngano, kwi, kwi, bila kugeuka. Kisha akageuka.

"Wewe Mmbulu!" akapiga kelele. "Unakuja, au unangoja lori?"